Kompaila ilijua, ila sikuiuliza

Jamani, nimekuwa kimya kwa muda. Sikuwa naumwa wala sijaacha kazi. Nilikuwa na aibu.

Ilikuwa hivi. Mimi na wenzangu wawili tulizungukia shule 40 za msingi kuangalia vyoo. Chuoni nilisoma lugha ya C muhula mmoja, basi nikajiona fundi. Nikaandika programu fupi ya kuhesabu: shule zisizo na vyoo kabisa, zenye vyoo visivyotosha, na zenye vya kutosha. Ikanipa 9, 28 na 12. Habari ikatoka.

Asubuhi ile ile simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Kijana wangu, umeandika shule 40. Hizi 49 umezitoa wapi?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi sikujumlisha, mhariri hakujumlisha. Mzee na kalamu yake ndiye aliyejumlisha.

Kosa lilikuwa dogo. Kwenye switch nilisahau neno break mwisho wa kundi la kwanza. Kila shule isiyo na choo ilihesabiwa, kisha ikateremka kundi la pili ikahesabiwa tena. Visivyotosha vilikuwa 19, si 28. Siku iliyofuata gazeti likaomba radhi ukurasa wa ndani.

Jioni nikamwendea jamaa niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, siku hizi anaandika programu. Nikamlalamikia: “Si uliniambia nitumie gcc na -Wall? All si maana yake zote? Mbona ilinyamaza?”

Akacheka. “Kaka, hiyo ‘zote’ si zote. Onyo lako lipo tangu GCC 7 ya mwaka 2017, ila linaamshwa na -Wextra.”

Yaani kompaila ilikuwa na uwezo wa kunionya. Haikuulizwa tu.

Nikapandwa na hasira, nikaamua kuongeza chaguo langu mwenyewe, -Wrafiki, litakaloamsha maonyo yote yanayomfaa mtu kama mimi. GCC ni programu huria tangu Richard Stallman alipoitoa mwaka 1987, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia kuifungua.

Nilidhani nitakutana na mambo ya kutisha. Kumbe machaguo yameandikwa kwenye mafaili ya kawaida yanayoishia na .opt. Kila chaguo lina mistari michache. Wa kwanza ni jina, bila kistari cha mbele. Wa pili ni sifa zake: linahusu lugha zipi, ni onyo au la, thamani yake itunzwe kwenye kigeu gani, na linaamshwa na chaguo gani jingine. Wa tatu ni maelezo atakayoyaona mtu akiomba msaada. Skripti za awk zinayasoma mafaili hayo na kutengeneza msimbo wa C. Hata kinyume chake, -Wno-rafiki, hukuandika wewe, kinakuja chenyewe.

Kazi ya kuandika ilinichukua jioni moja. Kuijenga kompaila upya kwenye laptop yangu ilichukua usiku mzima, na umeme ukakatika mara moja. Alfajiri nikaipa ile programu yangu ya vyoo na -Wrafiki. Ikanionyesha mstari wenyewe!

Nikampigia jamaa kwa furaha. Akaniuliza swali moja tu: “Siku ile ungekumbuka kuandika -Wrafiki?”

Nikakosa jibu. Anayejua kuliomba onyo ameshaanza kujihadhari. Asiyejua halioni.

Basi si waliweke tu ndani ya -Wall? Nalo nilimwuliza. Akasema kuna watu wanaotumia -Werror, ambayo hugeuza kila onyo kuwa kosa. Ukipanua -Wall leo, programu iliyojengeka jana inagoma kujengeka kwa mtu usiyemjua. Na ukionya kwa kila kitu, watu watazoea. Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Hata jina likishatoka ni shida kulirudisha: -Wextra zamani iliitwa -W tu, na hadi leo ukiandika -W inaeleweka.

Kwa hiyo mistari mitatu ya faili ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuamua nani aonywe bila kuomba, na hiyo awk haiwezi kukutengenezea.

-Wrafiki nimeifuta. Sasa -Wall na -Wextra vimeandikwa ndani ya Makefile yangu, nisitegemee kumbukumbu. Na kabla habari yenye namba haijaenda kwa mhariri, nachukua kalamu na karatasi, najumlisha kama yule mzee.

Yeye hakusubiri kuulizwa. Nimeihifadhi namba yake.