Mahenge: Mtaa Wenye Majirani wa Mwaka 1906

Mkishaoana, swali la kwanza ni "tupange wapi?" Wengi tunaangalia kodi, maji na umbali wa kazini, basi. Mimi na mume wangu tulipohamia Songea tulianza na hayo hayo. Ila kwenye mji huu, wapenzi, kuna jambo la nne: historia ya pale mnapolala.

Sikiliza tu majina ya mitaa. Bombambili. Seedfarm. Lizaboni, ambayo ukiitamka haraka unajikuta Ureno! Halafu Majengo, jina utakalolikuta pia Mombasa, Moshi na Dodoma. Enzi za ukoloni miji yetu ilikatwa vipande: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Leo ukuta huo haupo tena. Siku hizi kinachoamua ukae wapi ni mfuko wako.

Sisi tulivutiwa na Mahenge. Hewa ya Songea ni ya baridi baridi, na masika yakikolea mahindi yanasimama hadi nyuma ya nyumba za watu. Tatizo likawa moja. Mtaa huu ndio wenye Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na hapo hapo yapo makaburi ya mashujaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1897. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Wangoni nao waliingia. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alizikwa peke yake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, akakutana na familia ya nduna na kuomba msamaha.

Mume wangu akagoma. "Mke wangu, kodi tulipe sisi, halafu tulale na makaburi?" Tulinuniana siku mbili nzima, jamani. Aliyetusuluhisha ni bibi mwenye nyumba. "Wanangu," alisema, "hawa hawamtishi mtu. Wamelala hapa ili nyie mjue mji huu haukuokotwa."

Mume wangu akaenda makumbusho peke yake. Aliporudi hakusema mengi, akauliza tu tunahamia lini.

Tumepanga Mahenge. Kila Februari mtaa unajaa wageni wa kumbukumbu, ngoma zinarindima, na sisi tunapika chakula cha ziada maana ndugu hawapigi hodi mara mbili. Nimegundua kitu: ukiijua asili ya mtaa unaanza kuutunza. Hutupi taka hovyo, na majirani unawasalimia kwa majina.

Nawe ukija Songea na mwenzio, msiishie stendi na hotelini. Asubuhi nendeni makumbusho, mwombeni mwongozaji awapeleke makaburini. Mchana elekeeni milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Na popote mnapoishi, muulizeni mzee mmoja mtaa wenu ulianzaje. Mnaweza kuupenda upya.