Kaka yangu hana cheti, taa zetu zinawaka

Wazazi wenzangu, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, fedha za korosho zilikuwa bado mkononi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani kwetu Newala. Kijana wetu alisema anataka kusomea umeme. Baba watoto akakataa katakata.

"Fundi hana maisha. Arudie mtihani, asome mpaka apate digrii."

Nikamuuliza, "Nyumba hii nani aliifunga umeme?"

Akanyamaza. Ni kaka yangu, mjomba wa watoto. Aliishia darasa la saba, akajifunza kwa kumshikia fundi ngazi. Leo ana miaka 19 katika kazi hiyo, na amefunga umeme nyumba nyingi hapa Newala na kule Masasi.

Lakini kuna jambo sikulisema siku ile. Fomu ya kuomba kuunganishiwa umeme ilitaka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Kaka hana leseni. Akamlipa mwenye nayo, akagonga muhuri bila kufika kuona hata soketi moja. Kazi ya kaka ikabeba jina la mtu mwingine, na nyumba wanayolala wanangu haikukaguliwa na yeyote.

Umeme haumuulizi mtu amesoma wapi, akikosea, unamuua. Kwa hiyo fundi lazima apimwe. Ila digrii si kipimo chake. Hiyo ni ya mhandisi anayesanifu mitambo. Fundi apimwe kwa kazi ya mikono yake.

Njia ipo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa vyeti vya ufundi stadi kwa hatua 3. Pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia kazini.

Nilipomweleza kaka, alikasirika. "Mdogo wangu, leo nikapimwe na vijana?" Wiki mbili baadaye akaniuliza fomu zinachukuliwa wapi.

Kijana naye nataka aende chuo cha ufundi, na likizo ashinde na mjomba wake. Baba watoto hajasema ndiyo, lakini fedha ya ada ameiweka kando.

Mzazi mwenzangu, kabla hujauza korosho zako kwa ajili ya digrii, muulize mwanao anataka kufanya kazi gani. Kisha uulizie kazi hiyo inapimwaje.