Jumamosi 20 za Kusubiri Laptopu

Tetesi za kompyuta zina mtindo wake, na kwa sisi wapenzi wa kusoma nadhani ni haki kuzihesabu kama utanzu. Zinafanana sana na tetesi za usajili. Kuna mchezaji aliyeonekana uwanja wa ndege, kuna "chanzo kilicho karibu na klabu", kuna picha iliyopigwa gizani ambayo haionyeshi kitu, na kuna mashabiki wanaoapa kwamba dili limeshakamilika. Tofauti ni kwamba mchezaji ana miguu yake na anaweza kukataa. Laptopu haikatai. Inasubiriwa tu, na kila anayeisubiri anaipa yale yote anayoyakosa kwenye ile aliyo nayo.

Mimi niliusoma utanzu huu kwa bidii kuanzia Juni 22, 2020 mpaka Novemba 10 ya mwaka huohuo. Siku ile ya Juni, Tim Cook alitangaza kwamba kompyuta za Mac zitaachana na prosesa za Intel na kuhamia kwenye chipu ambazo Apple wanazibuni wenyewe. Safari nzima ingechukua kama miaka miwili, na mashine ya kwanza ingetoka kabla mwaka haujaisha. Ipi? Hakusema. Bei gani? Hakusema. Betri je? Kimya. Basi hapo ndipo waandishi wa tetesi walipopata ugali wao.

Wakati huo nilikuwa na shilingi 1,900,000, na nilishaongea na kijana mmoja wa Kariakoo kuhusu MacBook Air iliyotoka Machi mwaka huo, yenye chipu ya Intel, imetumika kidogo. Nilipomwambia kwamba nangoja kwanza, akacheka. "Dada, ukisubiri mpya utasubiri maisha. Kila mpya ina mpya yake." Maneno ya muuzaji, lakini si ya uongo. Nami nilikuwa na hesabu yangu. Laptopu mimi nanunua mara moja kwa miaka 10, na sikutaka kupanda basi ambalo dereva ameshatangaza kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho. Isitoshe, kusubiri kulikuwa na milango miwili: mpya ikinishinda bei, basi walau ile ya zamani itashuka. Huku kwetu wengi wanaofuatilia mashine mpya hawana nia ya kuinunua. Wanangoja itoke huko California ili ya jana iteremke ngazi moja Kariakoo.

Kilichofanya hesabu hiyo iniume ni Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa wangu anaishi Muheza. Alitoka Kasulu akiwa kijana mdogo, miaka ya 1950, akaletwa Tanga kukata mkonge. Watu walioletwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Mikataba ilipoisha wenzake wengi walirudi kwao. Yeye akaoa, akabaki. Mwaka 2020 alikuwa ameshavuka miaka 80, na hatimaye alinikubalia jambo nililokuwa namwomba tangu niko sekondari: anisimulie, niandike.

Alitoa masharti mawili. La kwanza, nisimrekodi. "Sauti yangu ikishaingia kwenye simu, nani atajua inakwenda kwa nani?" La pili, kila nikimaliza sehemu nimsomee, na nilipokosea nirekebishe palepale akiona. Kwa daftari ilishindikana, maana mwandiko wangu wa haraka hata mwenyewe siusomi. Ikabidi laptopu. Sasa, nyumba yake haina umeme, ana taa za sola tu, na laptopu yangu ilikuwa ya tangu 2011 (jina la kampuni halina haja), chaji inakaa dakika 50. Niichaji usiku kucha Tanga, niizime, nipande basi la asubuhi, niifungue chini ya mwembe wake: dakika 50. Alishaizoea. Ikikaribia kuisha skrini inafifia, naye ananyamaza katikati ya sentensi. "Haya, kuku wako analala."

Kwa hiyo watu wengine walipokuwa wanabishana mtandaoni kuhusu kasi ya kuhariri video, mimi nilikuwa natafuta neno moja tu: betri.

Mwezi wa Julai likatokea. Mashine mpya kabla ya kuuzwa lazima vifaa vyake vipite kwenye ukaguzi wa nchi mbalimbali, na karatasi za ukaguzi huo huwa wazi kwa anayejua pa kuchungulia. Wachunguliaji wakaikuta betri isiyojulikana, namba A2389, yenye ujazo wa wati-saa 49.9. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye foleni ya benki, nikahisi kama mtu aliyepigiwa simu kuambiwa mgeni haji. Kwa nini? Kwa sababu Air ya Machi, ile ya kijana wa Kariakoo, nayo ilikuwa na wati-saa 49.9. Ileile. Nikajiuliza, sasa nasubiri nini?

Halafu mwezi wa Agosti gazeti moja la Taiwan likaandika habari tamu. Eti ya kwanza kutoka itakuwa MacBook ndogo ya inchi 12, uzito chini ya kilo moja, betri inakaa saa 15 mpaka 20. Wengine wakaongezea bei ya dola 799. Hapo watu walichanganyikiwa. Wapo waliochora picha zake, nzuri kabisa, pembe zimelainishwa, kama mtu anayemchora mchumba ambaye hajawahi kumwona. Mimi nilichukua ile 15 na ile 49.9 nikaziweka pamoja, zikakataa kukaa. Betri ileile itatoaje saa zaidi?

Jibu, kumbe, kila mwenye jiko la mkaa analijua. Gunia ni lilelile, badilisha jiko. Jiko la bati linakula mkaa na kupasha ukuta moto, lakini jiko lililowekwa udongo vizuri linapika maharage kwa mkaa uleule na unabaki wa chai. Chipu za simu zimezaliwa kwenye umaskini wa chaji. Zimelelewa kwenye kibetri kidogo, zikajifunza kubana matumizi, na Apple walikuwa wanazibuni za simu zao tangu 2010. Wachambuzi wazito kama Ming-Chi Kuo na Mark Gurman wa Bloomberg walifuatilia ratiba na majina ya mashine. Wengi tuliobaki tulilitazama gunia tu tukasahau kuuliza habari za jiko.

Tukaanza kuandama mwezi. Septemba 15 kulikuwa na hafla, saa mbili usiku kwa saa zetu. Nikanunua bando, nikakaa. Saa za mkononi na aipadi. Oktoba 13, saa mbili usiku tena: simu. Kila mara kuna aliyesema ameuona mwezi, na kila mara kulikuwa na wingu. Hafla ya tatu ikapangwa Novemba 10, na safari hii saa tatu, kwa sababu Wamarekani walikuwa wamesharudisha saa zao nyuma. Wao wanachezea mshale wa saa, wewe huku unaongeza saa nzima ya kupiga miayo.

Na kila Jumamosi nilikuwa Muheza. Niseme tu kwamba Baba Mkubwa hakuwa mgonjwa. Lakini mtu wa miaka 80 na zaidi unamsikiliza kwa sikio jingine. Kuna Jumamosi alisema "nikumbushe wiki ijayo nikueleze ya yule nyapara", na wiki iliyofuata nilipomkumbusha akanitazama: nyapara gani? Niliandika kwenye faili: *nyapara — aliuliza nani*. Mpaka leo sentensi hiyo imekaa hivyo.

Siku moja akaniuliza nasubiri nini hasa. Nikamweleza, kwa lugha nyepesi nilivyoweza, kwamba kuna mashine inakuja, haijulikani lini, haijulikani bei, ila inasemekana itakaa na chaji muda mrefu. Akasikiliza vizuri tu. Kisha akaanza kunieleza habari za kipande, ambayo hatukuwa tumeifikia. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi ya siku, unaandikiwa kisanduku kimoja. Usipomaliza, siku hiyo haipo, umekata mkonge bure. Visanduku 30 vikijaa ndipo unalipwa, na kwa wengi vilijaa baada ya mwezi na nusu. "Sisi tulikuwa tunajua tunachosubiri," akasema. "Tulikuwa hatujui lini."

Kuku akalala hapohapo.

Novemba 10 mwezi ukaonekana. Chipu inaitwa M1, ina transista bilioni 16. MacBook Air mpya ilikuja na umbo lilelile la ile ya Machi. Michoro yote mizuri ya Agosti ikaenda na maji. Inchi 12 haikuwepo. Bei ilibaki dola 999. Kamera ileile hafifu. Feni wameiondoa kabisa, mashine haina hata sauti ya pumzi. Na betri, ile ya wati-saa 49.9: saa 15 za intaneti, 18 za video. Ile ya Machi ilitajwa kuwa na 11 na 12. Gazeti la Taiwan lilikosea mashine, likapatia saa.

Nilikaa pale na karatasi nikapiga hesabu nyingine. Kutoka Juni 22 mpaka usiku ule zilikuwa zimepita Jumamosi 20, na zote nilienda. Mara dakika 50, ni dakika 1,000. Yaani saa 16 na dakika 40. Maneno yote aliyonipa mzee katika miezi ile ya kusubiri, pamoja na kusomewa na kusahihisha, yangeweza kuingia katika chaji moja.

Desemba kijana wa Kariakoo akaniandikia: ile Air sasa 1,600,000, dada njoo. Mlango wa pili ulikuwa wazi kama nilivyotarajia, nikaupita. Dola 999 zilikuwa kama shilingi 2,300,000, kwa hiyo nikachukua kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya pampu za maji, kurasa 60, nikiwa nimechomeka waya ukutani muda wote. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat akaniletea mashine mwezi wa Januari, imefungwa ndani ya kanzu mbili. Mwaka 2025 ilipotoka macOS Tahoe, Air ya Machi 2020 iliachwa nje, yangu ikaingia. Miezi 8 tu kati yao. Kijana nilimtumia habari hiyo, akajibu kwa kucheka.

Niseme jambo moja kabla sijasahau. Katika tetesi zote nilizosoma, na nilisoma nyingi, sikukutana na hata moja iliyouliza kama mashine mpya itaacha kuchora mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Yangu ilifika na mistari yake. Ukurasa wa kwanza wa Baba Mkubwa ulionekana kama umechapwa bakora.

Jumamosi ya kwanza niliiweka mezani chini ya mwembe. Aliitazama, akaigusa kifuniko, akasema ni ya baridi. Akaanza pale tulipoishia, kwenye kipande, siku visanduku vilipojaa na watu wakapanga foleni dirishani. Dakika 50 zikapita, naye akatupia jicho skrini. Ilikuwa inang'aa. Akaendelea. Ilipofika saa moja na dakika kama 10 akanyamaza mwenyewe.

"Hiyo haizimiki?"

"Bado, Baba Mkubwa. Ina asilimia 93."

"Basi izime wewe. Mimi nimechoka." Kisha akainua mkono. "Ngoja. Nisomee kwanza."

Nikamsomea polepole. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Nilipofika kwenye ile foleni akanikatiza.

"Umesema tulilipwa siku 30."

"Ndiyo."

"Futa. Tulifanya 45. Andika tuliandikiwa 30."