Tutazame na Baki

Somo la kutoa hukaa moyoni mwa mtoto pale baki linapokuwa na maana kwake. Sisi tulilithibitisha hilo tulipoichagulia kadi ya grafiki kompyuta yetu ya kuchorea vielelezo vya masomo. Fedha zilikuwa mchango wetu wenyewe, nazo zilitosha kununua mara moja tu.

Kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kiliandikwa wati 300. Wengi wetu tuliitamani kadi ya GeForce RTX 3060, ihitajiyo wati 170. Tukaandika ubaoni: prosesa 65, vifaa vinginevyo 50 kwa makadirio, kadi 170, jumla 285. Wenzetu wakasema yatosha. Lakini baki ni 15 tu, na kadi za namna hii huweza kuvuta umeme kwa ghafla kupita kipimo kilichoandikwa. Ndiyo maana mtengenezaji hushauri kisanduku cha wati 550. Kadi ya GTX 1650 huhitaji wati 75. Baki likawa 110. Tukainunua hiyo.

Basi, mwalimu mwenzetu, usiishie kwenye jumla. Waulize watoto: kimebaki nini, nacho chatosha kwa dharura? Waulize hivyo juu ya mzigo wa lori, maji ya pipa na unga wa ghala.