Televisheni ya Mama na Rezista Mbili



Nyumbani kwa mama yangu, Jeddah, ipo televisheni nzito ya kizamani aliyoinunua marehemu baba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Haikuwa ikionyesha kitu tena. Kila nilipotoka Riyadh kwenda kumzuru nilimshauri tuitoe, naye hunijibu, "Mwanangu, hiyo ni ya babako."

Mwaka 2018 ahali yangu walikuwa wakijitayarisha kurejea Unguja. Ada ya wategemezi, iliyoanza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mtu kwa mwezi, ilikuwa imefika 200, nami nina wategemezi watano. Kijana wangu mkubwa aliomba jambo moja kabla ya kuondoka: aifufue televisheni ya bibi yake. Tulinunua ubao wa Arduino na rezista chache huko Batha, tukashika njia.

Televisheni ya namna ile haitaki ila saa sahihi na kiwango cha umeme. Kila mstari wa picha huchukua sehemu 64 za milioni ya sekunde, muda ambao chipu ile hupiga mapigo 1,024. Mstari unapoanza, umeme hushuka hadi sifuri kwa sehemu 4.7, baada ya hapo volti 0.3 ni weusi, na volti 1 ni weupe. Lakini mguu wa chipu hutoa volti 0 au 5 tu! Basi mguu mmoja hupewa rezista ya omu 1,000, wa pili omu 470, zikakutana katika waya mmoja. Pamoja na omu 75 zilizomo ndani ya televisheni, mguu wa kwanza pekee huleta volti 0.3, na yote miwili huleta 0.95.

Nilihofia rangi. Wakubwa mtakumbuka kanda za harusi kutoka Zanzibar, penye mfumo wa PAL, zilivyotoka bila rangi katika televisheni za SECAM za huku. Kijana akanituliza: mifumo yote miwili ina mistari 625, na picha yetu ni nyeusi na nyeupe tu.

Nikaunganisha mimi. Picha ikatoka hafifu mno, kama kivuli. Kijana akainama, akasoma mistari ya rezista: "Baba, hii ni njano, zambarau, kahawia. Hiyo ni 470. Umezibadilisha."

Zilipowekwa mahali pake, yakatokea majina ya wajukuu wanne, kwa herufi za nukta kubwa kubwa. Mama akayasoma polepole, kisha akauliza kama umeme ukikatika yatapotea.

"Hapana, bibi. Yameandikwa ndani ya chipu. Yatarudi."

Mama akasimama, akazima mwenyewe swichi ya ukutani, akangoja kidogo, akaiwasha tena.