Binti akitaka kusomea kucha, uliza atafundishwa kumkataa mteja gani

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila nyumba yenye mtahiniwa hugeuka ofisi ya ushauri. Wajomba wanapiga simu, mashangazi wanakuja bila taarifa, na kila mmoja ana chuo anachokijua. Nyumbani kwetu mtahiniwa alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alipata daraja la nne, pointi 29. Kabla baba hajamaliza kusema habari za kurisiti, binti alikuwa ameshatoa lake: anataka kusomea kucha.

Baba ni mwalimu mstaafu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kucha nazo zinasomewa?”

Najua wazazi wengi mna swali hilo hilo. Jibu ni kwamba zinasomewa, na kazi ipo. Pita Sinza, Kinondoni au Kariakoo uone. Kuna fundi mwenye meza yake ndani ya saluni, kuna anayefuata wateja majumbani, na kuna wale vijana wa kiume wanaozunguka mtaa kwa mtaa na kikapu cha rangi na beseni la kuoshea miguu. Wote wanapeleka chakula nyumbani. Ugumu haupo kwenye kazi, upo kwenye kuchagua mafunzo, kwa sababu kozi hii inauzwa kwa wiki moja, kwa miezi mitatu na kwa mwaka, na mabango yote yanaahidi kitu kimoja.

Mama anauza vitenge. Wiki hiyo alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, Sh800,000. Akasema hela hiyo ni ya mtoto, lakini ni ya mara moja. “Ikipotea hii, haina mwenzake,” alisema. Mimi nikapewa jukumu la kuzunguka na mdogo wangu kutafuta chuo, kwa kuwa ninaandika habari za afya na mama anaamini nikiuliza swali watu hujibu.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo kila mtu pale sebuleni alilijua na hakuna aliyelisema. Mdogo wangu ana pumu tangu darasa la tatu.

Kifua kwanza

Kucha za kisasa ni kemikali. Akriliki ni poda inayochanganywa na maji yake yenye harufu kali, ikikauka inasuguliwa kwa tupa au kimashine na kutoa vumbi jembamba. Jeli hupakwa na kukaushwa kwa taa. Zote mbili zimo katika ukoo mmoja wa kemikali, na ukoo huo unajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi na, kwa baadhi ya mafundi, pumu inayotokana na kazi yenyewe.

Mzio huo ukishaingia mwilini kwa kawaida hautoki. Na haumalizikii kwenye kucha, kwa sababu kemikali za ukoo huo zinatumika pia katika kuziba meno na katika saruji ya kushikizia nyonga bandia. Msichana wa miaka 19 anayemwaga jeli kwenye vidole vyake bila kujali anaweza kujikuta na shida kwa daktari wa meno akiwa na miaka 50.

Wenzetu wameshaanza kuchukua hatua. Marekani iliziondoa sokoni bidhaa za kucha zenye methaili methakrileti tupu tangu miaka ya 1970, baada ya malalamiko ya kucha kuharibika na ngozi kuumuka. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 uliamua kwamba jeli zenye kemikali iitwayo HEMA zitumiwe na mafundi tu na ziandikwe onyo la mzio. Kuanzia Septemba 1, 2025 umoja huo ukapiga marufuku TPO, inayosaidia jeli kukauka chini ya taa. Hapa nchini vipodozi vipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, lakini sokoni bado unaweza kuuziwa poda ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina la mtengenezaji.

Kwa hiyo kabla ya kuona chuo chochote tulikwenda kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akamuuliza anaamka usiku mara ngapi, na dawa yake ya kuvuta, ile ya buluu, inamalizika baada ya muda gani. Hakumkataza. Alimwambia pumu yake imetulia, ila achague sehemu yenye hewa, aanze na kazi za kucha za asili, yaani kusafisha, kukata na kupaka rangi, na akriliki aiache hadi ajijue. Akiona kifua kinabana siku za kazi na kulegea siku za mapumziko, arudi haraka.

Tulipotoka mdogo wangu alikuwa amenuna. “Dada, wewe unaona magonjwa kila mahali.”

Nikamjibu, “Ndiyo kazi yangu. Ya kwako ni kuchagua.”

Sehemu tatu

Sehemu ya kwanza aliichagua yeye. Rafiki yake alisoma pale, na picha zao za mtandaoni kweli zinapendeza. Ni kozi ya wiki mbili, Sh350,000, na cheti unapewa siku ya mwisho. Tulipanda ghorofa ya tatu. Chumba hakikuwa na dirisha, mabinti 12 walikuwa wakisugua kucha kwenye mikono ya plastiki, feni ikizungusha vumbi lile lile. Mwalimu ana mkono wa ajabu, hilo sitamnyima. Nilimwona akichora ua kwenye ukucha wa kidole cha mwisho bila kupumua.

Nikamuuliza mteja akitoka damu wanafanya nini. “Tunampaka spiriti, tunaendelea.” Na vifaa? Akanionyesha kisanduku chenye mwanga wa zambarau. Visanduku hivyo haviui vijidudu vyote, na mwanga haufiki palipojificha uchafu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, tena kwa damu isiyoonekana kwa macho. Mdogo wangu hakusema kitu, ila kwenye ngazi alisimama akakohoa mara tatu, na nikaona mkono wake ukienda kwenye pochi.

Sehemu ya pili ilikuwa saluni ya dada mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Kwake hakuna darasa. Unalipa Sh200,000, unakaa naye miezi sita, unafagia, unaosha miguu ya wateja, unaangalia, halafu unaanza kushika. Wengi wa mafundi wazuri wa mji huu walipita njia hiyo. Tukiwa pale aliingia mama mmoja akataka kubandikwa kucha juu ya ukucha uliogeuka njano na kuanza kunyanyuka. Yule dada aliushika mkono, akautazama, akasema kwa upole, “Shangazi, hii ni fangasi. Nikikufunikia nakuongezea. Nenda hospitali kwanza, ukipona njoo, nitakupunguzia bei.” Mama aliondoka amekasirika.

Nilimpenda fundi yule kwa hilo. Tatizo ni kwamba hakuna kilichoandikwa. Wiki gani utajifunza nini? Hakuna ajuaye. Na wasichana wawili niliowakuta pale walikuwa mwezi wa tano wakiwa bado wanafua taulo.

Sehemu ya tatu ni chuo cha ufundi stadi chenye usajili. Kozi ya urembo, miezi sita, Sh650,000 kwa awamu mbili. Mdogo wangu alikunja uso aliposikia kwamba kucha ni sehemu tu. Kuna nywele, kuna ngozi ya uso, na kuna somo la usafi linaloanza kabla ya yote. Chumba kina madirisha pande mbili na feni ya kuvuta hewa kwenda nje. Ukutani kumebandikwa karatasi ya kuchanganya klorini: Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, vifaa vilivyooshwa vilowe dakika 10. Baada ya hapo vya chuma vinaingia kwenye mashine ya mvuke wenye shinikizo, kama ile ya zahanati. Tupa za karatasi mteja akimaliza zinatupwa.

Swali la baba

Siku ya kwenda kulipa, baba akasema anakuja. Tulishangaa, maana alikuwa bado anasema ni hela ya mchezo inakwenda kuchezewa. Alivaa suti yake ya Jumapili, akaketi mbele ya mwalimu, fimbo katikati ya magoti.

Baba ana kisukari mwaka wa 14 sasa. Miguu yake imepoteza hisia. Anaweza kukanyaga msumari akajua jioni anapovua viatu. Rafiki yake waliyefundisha naye alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanzia pembeni ya ukucha.

Akauliza swali moja tu. “Mwalimu, mzee kama mimi akija kusafishwa miguu, huyu binti mtamfundisha afanye nini?”

Mwalimu hakukimbilia kujibu. Alimuuliza kwanza, “Mzee una sukari?” Baba akaitikia kwa kichwa. “Basi kwanza angekuuliza hivyo nilivyokuuliza, kabla ya kugusa soksi. Maji angeyapima yeye kwa kiwiko, yasiwe ya moto, maana wewe hutahisi. Hakuloweki muda mrefu. Ukucha anaukata moja kwa moja, hachimbi pembeni. Vinyama havikati, sugu hakwangui kwa wembe. Na akiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mchele, hakushiki. Anakuandikia uende kliniki ya sukari siku hiyo hiyo.”

Baba alimtazama mdogo wangu kwa muda. Kisha akamgeukia mama akasema, “Toa hela.”

Mdogo wangu baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo na yeye alipochagua. Hadi siku hiyo alikuwa anafikiria maua na rangi. Hakuwa amefikiria kwamba siku moja atashika mguu wa mtu kama baba.

Mambo ya kuuliza

Mzazi unayesoma hapa huenda huna muda wa kuzunguka kama sisi. Basi haya ndiyo niliyobaki nayo.

Kwanza, uliza usajili. Chuo cha ufundi stadi kinapaswa kutambuliwa na NACTVET, na cheti cha kukichapisha ofisini si sawa na cheti cha mtihani wa taifa wa ufundi. Kama mtoto ameshajifunza mtaani au saluni, usimrudishe mwanzo. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi anapimwa kwa alichonacho na kupewa cheti.

Pili, omba kukaa darasani siku nzima kabla ya kulipa. Vuta hewa. Kichwa kikikuuma wewe kwa saa mbili, fikiria wa miezi sita.

Tatu, uliza atafanya mazoezi kwa watu wangapi, maana mkono wa plastiki hauna damu wala hofu.

Nne, uliza vifaa vinasafishwaje, na usikubali jibu la kisanduku cha mwanga. Uliza pia kama wanawahimiza wanafunzi kupata chanjo ya homa ya ini B, ambayo kwa mtu mzima huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita.

Tano, jumlisha gharama yote. Ada ni mwanzo. Kuna taa, rangi, tupa, barakoa za kuzuia vumbi na glavu za nitraili. Kemikali hizi hupenya glavu za kawaida za mpira haraka, na barakoa ya hospitali haizuii mvuke. Sisi ada ilikula Sh650,000, vifaa vya kuanzia vikamaliza Sh150,000 iliyobaki, na nauli ikawa juu yangu.

Sita, na kwangu ndilo kubwa, muulize mwalimu: ni mteja gani unawafundisha wanafunzi wako wamkatae? Asiyekuwa na jibu anafundisha kupamba tu. Yule dada wa saluni, pamoja na taulo zake zote, alikuwa na jibu. Kama chuo kiko mbali au ada haifikiki, fundi wa namna hiyo ni bora kuliko cheti cha wiki mbili, ila mkubaliane kwa maandishi mtoto atajifunza nini na kwa muda gani.

Mdogo wangu sasa yuko mwezi wa nne. Dawa ya buluu inakaa kwenye pochi, na daktari amemwona mara mbili. Akriliki bado hajaigusa. Anasema kwanza anataka kuwa fundi wa miguu ya wazee, maana mtaani kwetu wapo wengi na hakuna anayewashughulikia. Nywele, ambazo alikuwa hazitaki, zimeanza kumwingizia nauli.

Jumamosi iliyopita alimwomba baba avue soksi. Baba akasema ana haraka, anawahi kahawa. Binti akamwambia, “Baba, una sukari?”

Mzee akakaa.