Mkoba, Mstari na Watu Watano: Namna Timu ya Kuzuia Ilivyobadilika

Timu ya kuzuia ni kikosi kinachopangwa kwa hesabu moja ya kwanza: goli lisiingie. Kufunga kunafuata baadaye, kwa shambulizi la kushtukiza au kwa faulo ya karibu na boksi. Katika viwanja vya Munisagara, Kilosa mjini, Kimamba na Mikumi, mkoani Morogoro, timu za namna hii zimepangwa tangu enzi za kucheza peku, na sababu yake inaeleweka na kila aliyewahi kucheza ligi ya mbuzi, ambako zawadi ya bingwa ni mbuzi. Timu ya kijiji ikienda ugenini, mbele ya mashabiki wa wenyeji na refa ambaye naye ni wa huko huko, sare ni nusu ya ushindi. Kuzuia hakukuwahi kuisha. Kilichobadilika ni namna ya kuwapanga wanaozuia, na mabadiliko hayo yamechukua takriban miaka 50.

Kizazi kilichocheza miaka ya 1970 na 1980 kilisoma kikosi kwa namba. Namba 1 golikipa, namba 2 beki wa kulia, namba 3 beki wa kushoto, namba 4 na 5 mabeki wa kati, namba 6 kiungo mkabaji. Mtu akiitwa uwanjani hakuulizwa anacheza wapi, aliulizwa anacheza namba ngapi, na jibu lilibeba kazi nzima. Kukaba kulikuwa kwa mtu na mtu. Namba 2 alikabidhiwa winga wa kushoto wa wapinzani, akakaa naye hadi kipenga cha mwisho. Winga akienda kunywa maji, beki alimsubiri. Mmoja wa mabeki wa kati alikuwa stopa, aliyemganda mshambuliaji namba 9. Mwenzake alikuwa mkoba.

Mkoba hakupewa mtu wa kukaba, na hapo ndipo thamani yake ilipokuwa. Alisimama hatua tano au sita nyuma ya stopa, akiangalia mpira na mabega ya wenzake kwa pamoja. Bega la stopa likigeuka kuelekea goli lake, mkoba alijua kwamba mtu ameshapitwa, akaanza kutoka kabla mpira haujafika. Kwa kawaida alikuwa mkubwa wa timu kiumri, ambaye mbio zimeanza kumpungua lakini sauti na macho bado anavyo. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake "mtu nyuma!" na "toka naye!", na mambo yakizidi alitoa amri iliyojulikana na wote: "butua!" Mpira ulibutuliwa hadi kwenye mahindi, na timu ikapata muda wa kupumua wakati watoto wanautafuta.

Wapo wanaouona mpangilio huu kuwa wa kizamani na wa woga. Hukumu hiyo haiutendei haki, kwa sababu mkoba alikuwa jibu sahihi kwa uwanja uliokuwepo. Katika bonde la Mto Mkondoa huku Kilosa, mvua za masika huacha mashimo na matope yanayokauka yakawa mabonge. Kiangazi nyasi hukatika, ardhi ikabaki kavu na ngumu. Mpira unaodunda juu ya ardhi hiyo hauna uaminifu. Beki hodari angeweza kusimama mahali panapotakiwa, akajipanga vizuri, kisha mpira ukadunda kwenye bonge na kumpita kichwani. Aliyempita hapo ni ardhi, mshambuliaji aliokota tu. Mtu wa akiba nyuma ya wote alihitajika kwa ajili ya mdundo huo.

Wazo lenyewe lilikuwa na historia ndefu nje ya Afrika Mashariki. Sheria ya kuotea ilipolegezwa mwaka 1925, Herbert Chapman, kocha wa Arsenal, alimrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu. Miaka ya 1930 Karl Rappan, kocha Mwaustria aliyefanya kazi Uswisi, alimwongeza mtu huru nyuma ya mabeki, na miaka ya 1960 kocha Helenio Herrera aliufanya mpango huo kuwa silaha ya Inter Milan, iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1964 na 1965. Mchezaji wa Munisagara hakuhitaji kusikia majina hayo. Alichokisikia ni Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam.

Agosti 1979 Tanzania iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola kulinda goli hilo moja. Zambia ilitangulia, na sare ya jumla ikawa mezani hadi dakika za mwisho, Peter Tino aliposawazisha. Matokeo ya 1-1 yaliipeleka Tanzania fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kocha alikuwa Joel Bendera, ambaye miaka mingi baadaye alirudi katika habari za mkoa huu akiwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Katika ukuta wa Stars wa zama hizo walikuwamo Leodegar Tenga, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kuanzia 2004 hadi 2013, na Jella Mtagwa, beki aliyetokea Morogoro kabla ya kung'ara Dar es Salaam. Kwenye fainali hizo, kule Lagos, Machi 1980, Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria na 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Ivory Coast. Kwa watoto wa mkoa wa Morogoro, Mtagwa alifanya ubeki kuwa kazi ya kutamaniwa. Kwenye chandimu, mpira wa watoto wa mtaani, ambako kila mtoto hutaka kufunga, walianza kuonekana wanaotaka kubaki nyuma na kuitwa jina lake. Redio haikuonyesha Mtagwa anasimama wapi. Mtangazaji alitaja jina na mpira ukawa umeondolewa. Kila kijana akajijengea mwenyewe picha ya beki, na picha hiyo ilikuwa ya mtu mmoja anayeokoa.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitoka kwenye sheria. Mwaka 1990 mshambuliaji aliye sambamba na beki wa pili kutoka mwisho aliruhusiwa. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa ameotea. Mwaka 1992 golikipa alikatazwa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Sheria hii ya pili iligusa timu za kuzuia kuliko nyingine yoyote. Mbinu ya kulinda goli moja ilitegemea mno mpira wa kurudisha nyuma: mkoba kwa kipa, kipa anadaka, anadundadunda, anautupa kwa beki, nao unarudi tena. Dakika kumi ziliweza kuisha hivyo. Sheria mpya ilipofika viwanja vya vijijini, golikipa ilibidi ajifunze kucheza kwa miguu au abutue, na magolikipa wengi walichagua kubutua.

Mabadiliko ya pili yaliletwa na vibanda umiza. Umeme wa gridi au wa jenereta, dishi na televisheni moja vilitosha kuwakusanya vijana wa Kilosa na Mikumi mbele ya ligi ya Uingereza kila Jumamosi. Kwa mara ya kwanza ukuta ulionekana wote kwa mkupuo, kutoka juu, na kilichoonekana hakikuwa na mkoba. Mabeki wanne walisimama kwenye mstari mmoja, wakasogea pamoja. Ilikuwa kazi ya kocha Arrigo Sacchi na AC Milan ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo sasa imeenea kila mahali: beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele watenganishwe na mita 25 hadi 30 tu, na kila mtu alinde eneo, mpinzani akiingia humo ndipo akabwe.

Ukuta wa mstari hufanya kazi hivi. Mpira ukienda kwa winga wa kushoto wa wapinzani, namba 2 hutoka kumfuata. Namba 4 hasubiri. Anasogea kulia kuziba pengo aliloacha, lakini anabaki nyuma kidogo ya namba 2 ili amsaidie akipitwa. Namba 5 anafuata umbali ule ule. Namba 3, ambaye mpira uko mbali naye, anaacha winga wake na kubana ndani. Upande wa kushoto wa uwanja unabaki mtupu, na hilo limekusudiwa: mpira wa kuhamishwa kutoka pembe hadi pembe unachukua sekunde kadhaa hewani, na wanne hao wanarudi pamoja kabla haujatua. Mtu asiyejua hupiga kelele kwamba winga ameachwa. Anayejua huangalia nafasi kati ya beki na beki, kwa sababu mpira wa hatari hupita hapo.

Tanzania iliuona mtindo huu ukikomaa kwenye timu ya taifa chini ya Mbrazili Marcio Maximo, aliyeifundisha Stars kuanzia 2006 hadi 2010. Beki wa kati Nadir Haroub aliitwa "Cannavaro", kwa jina la nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006. Kelvin Yondani aliitwa "Vidic", kwa jina la beki wa ligi ya Uingereza. Majina hayo yanatosha kuonyesha kibanda umiza kilivyoingia kwenye ukuta wa nyumbani. Ni timu ya Maximo iliyokwenda Ivory Coast mwaka 2009 kwenye fainali za kwanza za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikawafunga wenyeji 1-0 mbele ya mashabiki wao.

Vijijini, hata hivyo, mstari ulikutana na kikwazo ambacho televisheni haikukionyesha. Ukuta wa mstari unategemea kuotea, na kuotea kunategemea mwamuzi wa pembeni. Katika mechi ya kawaida ya vijiji viwili, kibendera hushikwa na mtu yeyote aliyejitolea, aghalabu mwenyeji. Mabeki wanne wakipanda pamoja na kibendera kisinyanyuke, mshambuliaji anabaki peke yake na kipa. Timu zilizoiga zilichokiona bila kuhesabu jambo hili zilifungwa mabao ya aibu, na mkoba aliyekuwa ameshapumzishwa akaitwa tena.

Suluhisho lililopatikana, na pengine ndilo zuri kuliko yote, ni mabeki watano. Watatu wa kati na wawili wa pembeni: mstari unakuwepo, na mtu wa akiba yupo. Wa katikati kati ya watatu hao anaruhusiwa kurudi nyuma kama mkoba wa zamani, ilhali wenzake wawili wanatoka kukaba bila hofu. Mpango huu unaendana na dhana ya kupaki basi, yaani kurundika watu mbele ya goli lao, iliyopata umaarufu baada ya kocha José Mourinho kuwalalamikia Tottenham mwaka 2004, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa bingwa wake. Tarehe 7 Septemba 2023, mjini Annaba, Tanzania ilihitaji kutofungwa na Algeria ili kufuzu fainali za Afrika. Kikosi cha kocha Adel Amrouche kilikaa nyuma dakika 90, kikatoka 0-0, kikamaliza na pointi 8 mbele ya Uganda yenye 7. Ni sare ya ugenini tena, kama ya Ndola, ila hii haikuwa na shujaa mmoja wa kutajwa. Kwenye fainali zenyewe udhaifu wa kuzuia tu ulionekana wazi: dhidi ya Zambia iliyobaki na watu kumi, Stars ililinda goli la Simon Msuva hadi dakika ya 88, likarudishwa.

Kizazi cha sasa kimepata darasa lingine la kupanga kikosi, kwenye michezo ya kompyuta na simu. Januari 2019 studio ya Kichina ya Drodo ilitoa mchezo wa Dota Auto Chess, na Juni mwaka huo Riot Games ikatoa Teamfight Tactics, iliyoingia kwenye simu Machi 2020. Mchezaji hununua wapiganaji, huwapanga ubaoni, kisha pambano huenda lenyewe. Likishaanza, hawezi tena kuwapanga upya waliomo ubaoni. Wagumu huwekwa mstari wa mbele, wenye kupiga kwa mbali huwekwa nyuma. Hesabu ya kinga humfundisha mpangaji kiasi: katika Teamfight Tactics kinga ya 100 hupunguza kipigo cha kawaida kwa nusu, lakini ya 200 hukipunguza kwa theluthi mbili tu, kwa hiyo kumrundikia mtu mmoja kinga hiyo hiyo kunazidi kupungua faida, na vifaa vilivyobaki hufaa zaidi vikiongeza uhai au kinga ya uchawi. Pambano pia lina muda. Kikosi chenye ukuta mgumu kisicho na hata mpigaji mmoja wa kuua hukwama hadi muda unaisha, na sare humwumiza mchezaji huyo sawasawa na kupoteza. Timu ya kuzuia inahitaji mtu wake wa mbele, awe mmoja tu, mwenye uhakika.

Kwa sasa mafunzo yote haya yanaishi pamoja kwenye uwanja mmoja. Kocha wa kijiji hupanga watano nyuma, wanne mbele yao na mshambuliaji mmoja mwenye mbio, kisha huuliza jambo moja kabla ya kutoa maelekezo: waamuzi ni akina nani. Wakiwa wametumwa na chama cha mpira cha wilaya, na vibendera vipo pande zote mbili, beki wa katikati huambiwa apande acheze mstarini na wenzake. Ikiwa ni mechi ya kirafiki, na kibendera ni kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti mkononi mwa mwenyeji, beki huyo hurudi hatua tano au sita nyuma ya wenzake.